Imeagizwa na Nani

Swali langu lilikuwa fupi mno, na nadhani ndiyo sababu lilikosa mtu wa kuligharamia. Wenzangu waliuliza maswali yenye mikia mirefu, yenye nchi ndani yake na vyama na mikataba. Mimi niliuliza hivi tu: kwa nini watu hutii pale ambapo hakuna wa kuwaadhibu?

Naitwa Sikudhani. Nilikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa katika chuo kilichojengwa pembezoni mwa nchi, mahali ambapo lami huchoka na kugeuka vumbi. Idara yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Upande wa pili wa kabati idara ya kilimo ilihifadhi mbegu zake, na panya waliokuja kwa ajili ya mbegu walibaki kwa ajili ya vitabu. Nilifundisha nadharia za dola kwa vitabu visivyo na kurasa za mwisho. Kila mwaka wanafunzi waliniuliza mwandishi alihitimishaje, nami kila mwaka nilitunga hitimisho jipya, mpaka nikaanza kushuku kwamba hata mimi nimeandikwa na mtu aliyeishiwa karatasi.

"Sikudhani, hapa hatuna fungu la utafiti," aliniambia Profesa Kihongwe, mkuu wa idara, mtu mpole aliyezeeka akiomba viti. "Chaki yenyewe tunachangishana. Nikupe nini? Mbegu?"

Tulicheka. Kisha akaacha kucheka kabla yangu, na nikaona kwamba na yeye aliwahi kuwa na swali.

Kilikuwapo chama cha wanataaluma wa siasa kilichotenga ruzuku ndogo kwa watu wa aina yetu, watu wenye swali na chuo kisicho na kitu. Nikaomba. Nikaitwa. Nyumba ya chama ilikuwa na sebule ndefu isiyo na dirisha, na ndani yake walikaa wahadhiri wa vyuo vya pembezoni, kila mmoja amepakata swali lake kama mtu aliyepakata kuku anayempeleka kwa mganga. Sijui nilikaa pale asubuhi moja au misimu kadhaa. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mtu aliyeitwa Makungu, mwembamba, mwenye viatu vilivyosafishwa sana.

"Swali langu lilikuwa kubwa nilipofika," aliniambia. "Lakini kila walipotukumbusha kwamba ruzuku ni ndogo, nililipunguza. Likawa la mkoa, likawa la mtaa. Sasa limebaki neno moja."

"Neno gani?"

 "Nimelisahau," akasema, na akaendelea kungoja zamu yake.

Ndani nilikuta meza na watu ambao sikumbuki nyuso zao, isipokuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Na ukipata jibu, mwanangu, utampa nani?"

Nilinyamaza. Nilipekua moyoni na sikumwona mtu. Wao wakadhani kimya changu ni unyenyekevu, wakanikubalia.

"Ni ndogo," alisema yule mama. "Itakufikisha, itakulisha kwa taabu, itakurudisha. Tunakuomba jambo moja tu. Tazama, usiguse. Mtafiti akigusa, hatujui tena kama anasoma kitu au anasoma kidole chake."

*

Mji niliouchagua unaitwa Kitulini. Habari zake nilizisikia kwa wapita njia: mji ambao mtawala wake aliondoka zamani, wengine wakisema amekufa na wengine wakisema amesinzia tu. Hauna askari, hauna mahakama, hauna hata chumba cha kumfungia mlevi. Na bado, walisema, hakuna anayevunja amri pale.

Nilifika jua likiwa utosini. Cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu: tamu, nzito, ya nafaka iliyochacha. Ilikaa juu ya mapaa kama blanketi lililoloa. Cha pili kilikuwa utulivu. Watu walipita kandokando ya kuta, bega likisugua chokaa, na katikati ya barabara, palipokuwa pana na pasafi, hapakupita mtu. Nilipopita mimi walinitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtu aliyevaa nguo kinyume.

Ruzuku yangu haikuruhusu nyumba ya wageni, na Kitulini hakukuwa nayo. Nilipewa kitanda kwa Bi Mwatumu, mjane mwenye ulimi mkali na mikono myepesi, aliyeishi na binti yake Hidaya na Ngwali, mdogo wa kiume wa Bi Mwatumu mwenyewe. Hidaya alikuwa amejifungua karibuni, na mume wake alikuwa ameondoka mjini hata kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia kwa sauti ndogo mno, kama mlango wa chumba cha mbali.

"Maziwa yamekauka," Bi Mwatumu aliniambia, bila aibu na bila kuomba. "Mama asipokula, ziwa litatoa nini? Karibu uji, mgeni. Ni maji yaliyosikia habari za mtama."

Nilikunywa. Ndivyo ulivyokuwa.

Asubuhi iliyofuata nilisikia baragumu. Milango yote ikafunguliwa kwa wakati mmoja, watu wakatoka na kusimama vizingitini, na mzee mmoja akapita akitangaza kwa sauti iliyopasuka.

"Imeagizwa! Mioto iwashwe! Imeagizwa! Wa upande wa mashariki wateke maji, wa magharibi wafagie! Imeagizwa! Sehemu ya mavuno ipelekwe ghalani!"

Alipomaliza tu, moshi ukaanza kupanda. Hakuna aliyewasha moto kabla yake. Ngwali, jitu la miraba minne lililokonda hadi mifupa ikaonekana mikubwa kuliko mtu, alitwaa gunia la mtama uani, akaliweka begani na kuondoka nalo. Nilimfuata. Alilipeleka kwenye ghala kubwa katikati ya mji, akalisukumia ndani kupitia tundu la juu, akageuka kurudi kunywa maji yake yaliyosikia habari za mtama. Harufu ile ilitoka humo. Mtama wa juu uliulalia mtama wa chini, na wa chini ulikuwa unaoza.

"Unapelekwa wapi, kaka?" nilimuuliza.

"Ghalani."

"Baada ya ghalani?"

Alinitazama. Hakulielewa swali langu, na nikajiona mkorofi kwa kumuuliza mtu mwenye njaa juu ya gunia alilolibeba mwenyewe.

"Nani aliagiza?"

"Imeagizwa," alijibu.

Nitasema jambo kuhusu neno hilo, kwa maana nililala nalo na kuamka nalo muda wote niliokuwa Kitulini. Lugha yetu ina ukarimu wa ajabu. Inakuruhusu kukitaja kitendo na kumwacha mtendaji alale. Mlango umefungwa. Mtu amechukuliwa. Ardhi imegawiwa. Herufi moja tu, *w*, inayochomekwa kabla ya kitenzi kufunga kinywa chake, na yule aliyefunga, aliyechukua, aliyegawa, anatoka nje ya sentensi kwa mlango wa nyuma, ananawa mikono, anakwenda zake. Hatumwoni. Tunabaki na kitendo kilichosimama peke yake kama nguo inayotembea bila mtu. Na sisi tulioko ndani ya sentensi tunaishi humo, tunazaa humo, tunazeeka humo, bila kumuuliza mtu: na nani? Neno dogo, *na nani*. Nilifikiri utafiti wangu wote ni kulibeba hilo neno na kuliweka mwishoni mwa kila sentensi ya mji ule, nione kitakachotokea.

Hakikutokea kitu. Nilimuuliza mshonaji, akaelekeza sindano kilimani, kwenye boma la mtawala. Niliwauliza wanawake kisimani, wakaelekeza videvu kilimani. Nilipouliza mtawala aliondoka lini, wakanijibu, "Siku ile." Nilipouliza atarudi lini, wakanijibu, "Siku ile." Walisema kwa sauti ileile, wakitazama mahali palepale. Pole pole na mimi nikaanza kupoteza upande ambao jana yangu ilikuwapo.

*

Nikapanda kilimani asubuhi na mapema, kabla ya baragumu. Nilikuta boma lenye paa lililoingia ndani, nyasi mpaka kiunoni, popo, na katika ukumbi kiti kimoja cha mbao. Mlangoni, mgongo kwangu, alisimama yule mzee wa mbiu. Jina lake Shomari. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kukikalia?"

"Kukalia nini?"

"Kiti. Kila anayefika hapa hukikalia kidogo. Mimi mwenyewe nilikikalia. Kigumu tu."

Sikukikalia. Lakini nitakiri kwamba nilipima kwa macho kama kingenitosha.

"Unasikia nini hapo mlangoni, mzee?"

Alikaa juu ya kizingiti, akaliweka baragumu mapajani. Alionekana amechoka kama watu wachokavyo wanapotunza mgonjwa asiyepona wala kufa.

"Zamani nilisikia sauti yake. Alikuwa anakaa hapo, anasema, mimi nateremka kusema. Siku ile nikaja sikusikia kitu. Nikaita, kimya. Nikaingia, hayupo. Nikajiuliza, niteremke niseme nini? Watu wako vizingitini, wananingoja. Nikatangaza ya jana yake. Wakatii. Kesho yake nikatangaza tena, na baadaye nikaongeza mengine. Sasa hivi, binti, nikisimama hapa nasikia jambo moja tu. Nasikia wanavyongoja."

"Kwa hiyo anayeagiza ni wewe."

"Sijaagiza kitu maishani mwangu!" Alisema kwa hofu ya kweli. "Mimi nasema *imeagizwa*."

"Kwa nini usiwaambie ukweli? Kwamba hakuna mtu?"

"Nilijaribu. Sikuwaambia kwa maneno, sikuwa na ujasiri huo. Nilikaa kimya tu asubuhi moja, sikuteremka. Unajua walifanya nini? Walisimama vizingitini hadi jua likazama. Hakuna aliyewasha moto. Mke wa mshonaji alikuwa na homa, na maji yalikuwa mtungini, hatua chache tu, na hakuna aliyempa kwa sababu maji hayakuwa yameagizwa. Tulimzika. Tangu hapo nateremka kila siku. Unaniona mimi ni mnyapara wao. Mimi ni mtumishi wa kungoja kwao."

Nilikaa karibu naye. Chini yetu mji ulikuwa mweupe na mkimya.

"Basi tangaza ghala lifunguliwe. Kuna mtoto kwa Bi Mwatumu anakufa."

Alitikisa kichwa. "Moto ni wangu. Maji ni yangu, na kufagia. Hayo nimeyabuni mimi. Lakini ghala ni lake. Aliliagiza mwenyewe, kwa kinywa chake, nikamsikia. Mavuno yaingie, yasitoke. Hilo siwezi kuligusa." Kisha akanitazama kwa jicho la mtu aliyeona njia ya kutokea. "Lakini wewe msomi. Una sauti nzuri. Niambie cha kusema, nami nitasema. Nimechoka kuchagua."

Nilisimama haraka. Tazama, usiguse. Nilimwambia mimi ni mtafiti tu, nimekuja kwa ruzuku ndogo, siku zangu zinahesabika. Nilisikia sauti yangu ikisema hayo, na ilikuwa sauti ya mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Nilipoteremka watu walinikuta njiani. Walikuwa wameniona nikipanda, na sasa waliniona nikirudi. Hawakuniita mgeni tena. Waliniita Mjumbe. Nilikanusha. Jioni nilikanusha kidogo tu. Kesho yake mtu aliita "Mjumbe!" nyuma yangu, nami nikageuka kabla ya kufikiri.

*

Asubuhi moja baragumu lililia, lakini halikufuatwa na maneno. Mzee Shomari alisimama katikati ya uwanja, akafungua kinywa, na kikatoka kitu kama upepo. Homa ilikuwa imemchukua sauti. Alijaribu tena. Alijishika koo, akatutazama kwa macho ya kuomba radhi.

Kisha watu wote wa Kitulini, mmoja baada ya mwingine, wakageuza nyuso zao kwangu.

"Mjumbe," alisema Ngwali kwa heshima. "Imeagizwa nini?"

Sikuwahi kutazamwa hivyo. Nimewahi kutazamwa na darasa, nimewahi kutazamwa na watu wa mezani wenye uwezo wa kunipa au kuninyima. Hiki kilikuwa kitu kingine. Walikuwa wamenipa miguu yao na mikono yao, wamenipa leo yao, wakingoja niirudishe ikiwa na umbo. Na nilijisikia mrefu. Niseme ukweli wa hilo kwa kuwa ndiyo data pekee ninayoiamini: nilijisikia mrefu, na utamu wake ulipanda toka unyayoni. Sema neno. Ghala lifunguliwe. Neno moja, mtoto ataishi. Neno moja, na wewe umekuwa yule aliyetoroka sentensi. Watashiba, na watashiba kwa sababu umesema, na kesho watakuja na nyuso hizihizi. Na kesho nyingine. Usiseme, mtoto atakufa, na utakuwa na matokeo safi ya utafiti. Sema. Usiseme. Nani anafikiri haya? Mimi? Mjumbe?

"Haijaagizwa kitu," nilisema.

Wakakaa chini. Wote. Palepale vizingitini, mikono mapajani, na hakuna moshi uliopanda. Mtoto wa Hidaya alilia kidogo, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kilio.

Basi nikaenda. Nilipita katikati ya barabara pana, nikiogopa kana kwamba pale juu kweli kuna mtu, nikafika ghalani na kuushika mlango. Haukuwa na kufuli. Haukuwa na komeo. Ulikuwa umerudishwa tu, na kwa miaka yote ile hakuna aliyeusukuma. Niliusukuma kwa bega, harufu ikanipiga usoni, nikaingia. Chini ilikuwa matope meusi. Juu, mtama ulikuwa mkavu na mzima. Nilijaza kikapu. Nilipotoka, macho ya mji mzima yalikuwa juu ya kichwa changu, yakisubiri kitu kianguke kutoka mbinguni.

Ngwali alinisimamisha njiani. "Imeagizwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa hakuna. Nimechukua tu. Na wewe chukua."

Uso wake ulifanya kazi kubwa, kama mtu anayejaribu kukunja kiungo ambacho hakijawahi kukunjwa. Kisha akashindwa. Alirudi kizingitini, akakaa, akaficha uso. Hakuna mwingine aliyesogea.

Nilikiweka kikapu mbele ya Bi Mwatumu. Alirudi nyuma kana kwamba nimemwekea nyoka.

"Mwanangu, usiniletee msiba ndani. Wewe utaondoka. Sisi tutabaki hapa na hicho kikapu."

 Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimegusa, na kugusa kwangu hakukusaidia. Nilikaa kwenye mkeka, nikajiona mdogo kuliko nilivyokuwa kwenye benchi la Makungu.

Hidaya ndiye aliyeinuka. Hadi siku ile hatukuwa tumezungumza naye zaidi ya salamu. Alikuwa msichana aliyejifunza kuchukua nafasi ndogo. Alimfunga mtoto mgongoni. Akauinamia mtama, akaupeta, akautia kinuni, akatwanga. Mama yake alimtazama kwa mdomo wazi.

"Hidaya! Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiye nani?"

 Hidaya alipanga mafiga, akawasha moto. Moshi mmoja ukapanda juu ya Kitulini, mchana kweupe, peke yake. Watu wakaja, wakasimama ukutani kumtazama. Alikoroga. Jasho lilimtoka, mwiko ukagonga chungu. Kisha akaketi mbele yao wote akanywa uji mzito, bakuli kwa bakuli, akilia, bila kuacha kunywa. Alipomaliza alimpakata mtoto na kungoja. Sote tulingoja. Ardhi haikupasuka. Kilimani popo waliruka kidogo, wakatulia.

Alfajiri mtoto alilia kwa sauti iliyomwamsha jirani.

*

Ningependa kisa hiki kiishie hapo. Lakini jua lilipotoka, Mzee Shomari alikuja uwanjani. Sauti yake ilikuwa imerudi nusu. Alikuwa amekesha akifikiri, nadhani, na akili ya mtu aliyetumikia kwa muda mrefu ilikuwa imempa suluhisho.

"Imeagizwa!" alitangaza. "Ghala lifunguliwe! Imeagizwa! Watu wale!"

Uwanja ulilipuka kwa furaha. Watu walikimbia na ungo, na vikapu, na kanga walizozivua mabegani. Walicheka, walimsifu yule wa kilimani kwa rehema zake. Bi Mwatumu alicheka na kulia. Nami nilimwona Hidaya akisimama ukutani, mtoto mgongoni, na nikaelewa alichokuwa anaibiwa. Kitendo chake kilikuwa kinaingia ndani ya neno lile mbele ya macho yetu, kama mtama ule ulivyoingia ghalani.

Akatoka ukutani. Akaenda katikati.

"Haikuagizwa!" alipiga kelele. "Haikuagizwa. Nilipika mimi."

Watu walisimama na vikapu vyao.  Sauti moja ya mtu mzima ikauliza kutoka nyuma, na haikuuliza kwa ubaya:

"Mimi nani?"

"Mimi. Hidaya."

Walilisikiliza jina hilo. Walilipitisha kinywa kwa kinywa. Kisha nikaona kitu ambacho hakuna nadharia iliyonitayarisha kukiona: wale wa mbele wakainamisha vichwa, halafu wa nyuma yao, halafu wote. Mzee Shomari alimsogelea kwa miguu yake mibovu, na uso wake ulikuwa umejaa shukrani. Alimwekea baragumu mikononi, kama mtu anayetua mzigo.

Hidaya alinitazama. "Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Niseme nini?"

"Sijui, mdogo wangu," nilimwambia. Ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyowahi kuyatoa.

Alitazama vichwa vile. "Nendeni mkale," akasema.

Wakaenda. Walikwenda kwa utaratibu sasa, bila kelele, wa mashariki mbele na wa magharibi nyuma. Uwanja ukabaki mtupu, isipokuwa Ngwali aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, mikono mitupu, mbavu zikihesabika.

"Mjomba," Hidaya alisema, "huna njaa?"

"Ninayo."

"Mbona huendi?"

Ngwali alifikiri. Ile kazi kubwa ilikuwa inaendelea tena usoni mwake, lakini safari hii haikumshinda. "Nitakwenda nikitaka," alisema taratibu, akiyaonja maneno. "Sasa sijataka."

Vidole vya Hidaya vilikaza juu ya baragumu. Na kwa kufumba na kufumbua sura yake ikaondoka, ikaja nyingine, ya mtu mzima wa zamani ambaye sijawahi kumwona na ambaye nilimtambua mara moja.

"Basi kaa hapohapo," alisema.

Ngwali akasimama.

Alijikung'uta suruali, akamtazama mpwa wake bila hasira, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyetamka neno vibaya. Kisha akaanza kutembea. Hakuelekea ghalani, wala nyumbani. Kule mbele watu walikuwa wamesimama, konzi za mtama zikiwa hewani, wamegeuka kuona kitakachompata. Nami nilikuwa nimegeuka. Mzee Shomari alikuwa ameshika koo lake. Hidaya alivuta pumzi, kinywa chake kikafunguka, na mji wote ukakitazama kinywa hicho.

Mtoto akalia mgongoni. Hidaya alijaribu kumtuliza kwa mkono mmoja akashindwa. Akainama, akaliweka baragumu chini mchangani, akafungua kanga, akamleta mtoto mbele na kumpa ziwa. Alikaa juu ya lile jiwe kumnyonyesha. Alipoinua uso tena ulikuwa uso wake, umechoka, na ulikuwa unamtazama mjomba wake, ambaye alikuwa bado anatembea.